Fremu ya Baiskeli ya Mlimani Inunuliwe kwa Umbo Lake

Anayetafuta baiskeli ya mlimani, awe Nairobi, Arusha au Kampala, huelezwa kwanza mambo matatu dukani: shokapu inazama kiasi gani, baiskeli ina kilo ngapi, na fremu ni ya kaboni au ya alumini. Yote matatu yana nafasi yake, ila hayastahili kutangulia. Kwa mtu anayetaka kupanda mlima kwa nguvu za miguu yake na kuuteremka juu ya mawe, mizizi, vishuko vya nusu mita na miruko midogo, uendeshaji ambao wapenzi wake huuita friraidi nyepesi, swali la kwanza ni umbo la fremu: pembe zake, urefu wake, na mahali viungo vyake vilipowekwa. Tairi hubadilishwa kwa dakika chache. Usukani, breki, gia, kiti, magurudumu, hata shokapu yenyewe, hufunguliwa na vingine vikafungwa. Umbo la fremu liliamuliwa kiwandani siku mabomba yalipounganishwa, na aliyekosea kulichagua ataishi nalo mpaka aiuze baiskeli. Kiatu kinachobana hakitanuki kwa kubadilishiwa kamba. Ndiyo maana nashikilia kwamba fikra na fedha za mnunuzi ziende kwanza kwenye kile asichoweza kukibadilisha baadaye, na sifa zinazong'aa kwenye tangazo zisubiri zamu yake.

Historia ya baiskeli hizi inaliunga mkono jambo hili. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Kaunti ya Marin, California, walishindana kwa mara ya kwanza kushuka njia ya vumbi iliyo karibu na mji wa Fairfax, njia iliyokuja kuitwa Repack. Inashuka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushei, na jina lake lilitokana na breki za kukanyaga kinyumenyume, ambazo zilipata moto hadi grisi ikaungua na habu ikalazimika kujazwa grisi upya. Walitumia baiskeli za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940: nzito, ndefu, zenye uma uliolala mbele. Walizipenda kwa sababu zilitulia mteremkoni. Joe Breeze alipounda mwaka 1977 fremu zake za kwanza kwa ajili ya kazi hiyo, alifuata umbo la Schwinn hizo. Mbio za milimani zilipopata umaarufu katika miaka ya 1980 na 1990, watengenezaji wakavutwa na umbo la baiskeli za barabarani. Pembe ya usukani ikasimama hadi digrii 71, ya kiti ikawa 73, shingo ya usukani ikarefuka hadi sentimita 12 na zaidi, mwendeshaji akajikuta amelala juu ya gurudumu la mbele. Kwenye kilima kirefu chenye njia laini mpangilio huo ulifaa. Kwenye mteremko mkali, breki ya mbele ikawa kitu cha kuogopwa.

Tiba ya kwanza iliyotafutwa ni shokapu. Uma wa kwanza wa RockShox, uliotoka mwaka 1989, ulizama karibu sentimita 5. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, baiskeli zilizokuwa zikitumika katika misitu yenye unyevunyevu ya North Shore, Vancouver, na kwenye majabali ya Utah ambako Wade Simmons alishinda mashindano ya kwanza ya Red Bull Rampage mwaka 2001, zilikuwa na shokapu za kuzama sentimita 18 na hata zaidi, na uzito uliokaribia kilo 20. Zilishuka mahali ambapo hapo awali mtu angebeba baiskeli begani. Lakini kuzirudisha juu ilikuwa kazi ya gari au ya kusukuma kwa mkono, na hata kwenye mteremko ziliomba ujasiri mwingi kwa sababu mwendeshaji alikuwa bado amebanwa kwenye nafasi fupi, uzito wake ukiwa karibu mno na gurudumu la mbele. Tatizo la kina cha shokapu lilikuwa limekwisha. Tatizo la umbo lilikuwa bado.

Dalili za jibu zilishaonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gary Fisher, mmoja wa wale wa Repack, alianza kuuza fremu zenye bomba la juu refu na shingo fupi ya usukani. Mwaka 2012 kampuni ya Mondraker ya Hispania ikalisukuma wazo hilo mbali zaidi kwa fremu ndefu sana upande wa mbele, iliyofungwa shingo ya usukani fupi kuliko zote zilizozoeleka. Mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya Enduro World Series, ambamo mshindani alipanda kwa pedali kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, lakini saa ilihesabu miteremko peke yake. Hapo mtengenezaji hakuwa tena na pa kujificha: baiskeli ileile ilipaswa kupanda kutwa nzima na kushuka kwa kasi ya mashindano. Ndani ya miaka michache kampuni nyingi zikawa zimelaza uma, zimerefusha fremu na kusimamisha bomba la kiti. Baiskeli ya leo yenye kina cha sentimita 15 huteremka kwa utulivu ambao ile ya sentimita 18 ya mwaka 2001 haikuwa nao, kisha ikarudi juu kwa pedali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mlalo wa zile Schwinn umerudi, safari hii ukiwa umepimwa. Na hizi baiskeli kubwa nyeusi zinazobeba mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa katika Afrika Mashariki hazikuwahi kuuacha: uma wao umelala na ekseli zao zimeachana, na hiyo ni sababu moja inayozifanya zitulie kwenye barabara mbovu zikiwa na mzigo mkubwa nyuma.

Vipimo vinavyobeba tofauti hiyo si siri. Mtengenezaji yeyote wa maana huvichapisha kwenye jedwali la fremu. Cha kwanza ni pembe ya bomba la kiti, na hapa ndipo wapandao hufaidika kuliko wanavyodhani. Tuseme kiti kimeinuka sentimita 75 kutoka ekseli ya pedali. Kwenye pembe ya digrii 73 kiti hukaa karibu sentimita 22 nyuma ya ekseli hiyo. Kwenye digrii 77 hukaa karibu sentimita 17. Sentimita 5 zinasikika kama si kitu mpaka mlima usimame na shokapu ya nyuma ianze kuzama, baiskeli yote iinamie nyuma na gurudumu la mbele lianze kunyanyuka. Mwenye bomba lililolala hujikunja juu ya usukani ili kulizuia, mgongo ukauma, gurudumu la nyuma likapoteza mshiko. Mwenye bomba lililosimama hukaa tu na kukanyaga. Anayekwenda masafa marefu ya tambarare ataona uzito umehamia mikononi, na malalamiko yake ni ya haki. Kwake digrii 76 zitatosha. Kwa anayepanda ili ashuke, 76 hadi 78 ndicho kipimo cha kutafuta. Kipimo hiki kisomwe kwa uangalifu, kwani bomba lililopinda huweza kuwa na pembe moja kwenye karatasi na nyingine kiti kinapoinuliwa juu. Mwenye miguu mirefu alijue hilo kabla ya kulipa.

Upande wa kushuka, pembe ya usukani na urefu wa mbele hufanya kazi pamoja. Urefu wa mbele ni umbali wa mlalo kati ya mstari wima unaopita kwenye ekseli ya pedali na ncha ya juu ya bomba la usukani. Kipimo hicho ndicho kinachoeleza nafasi aliyo nayo mwendeshaji anaposimama juu ya pedali, kwa hiyo kina maana kubwa kuliko herufi ya saizi iliyobandikwa kwenye fremu. Chukua kitovu cha uzito kilicho mita 1 juu ya ardhi. Kwenye mteremko wa digrii 25, mstari wa uzito huo huangukia karibu sentimita 47 mbele zaidi kuliko ungeangukia kwenye tambarare, na ukivuka gurudumu la mbele mtu hupinduka. Kulaza usukani kutoka digrii 68 hadi 64 na nusu husogeza ekseli ya mbele zaidi ya sentimita 3. Kurefusha fremu kutoka milimita 420 hadi 465 huongeza nyingine 4 na nusu. Jumla inafika sentimita 7 au 8 za usalama ambazo hakuna shokapu inayoziuza. Kwa kazi tunayoizungumzia, usukani wa digrii 64 hadi 65 na nusu unafaa. Chini ya hapo baiskeli huanza kuyumbayumba kwenye mpando wa polepole, na kwenye kona finyu za njia za msituni humtaka mtu aiinamishe kwa nguvu zaidi kuliko alivyozoea.

Kuna pingamizi ambalo husemwa kwa dhati, nami nalipa uzito. Nikiruka kutoka kwenye jabali la mita moja, huuliza mtu, pembe itanifaa nini? Si shokapu ndiyo itakayonipokea? Itampokea, ila si peke yake, na hata si yenyewe inayofanya kazi kubwa zaidi. Mtu mzima aliyesimama juu ya pedali, magoti na viwiko vikiwa vimelegezwa, ana sentimita 30 hadi 40 za kukunjika kabla kiwiliwili hakijapigwa. Ukiongeza sentimita 16 za shokapu, unapata jumla ya karibu 50. Kuhama kutoka shokapu ya sentimita 16 hadi ya 18 kunaongeza 2 juu ya hizo, yaani takriban asilimia 4. Ile nafasi ya kukunja magoti na viwiko, ambayo ni kubwa mara mbili ya shokapu, hutegemea kama fremu ina urefu wa kumruhusu mtu asimame katikati ya magurudumu mawili na kama kiti kinashuka vya kutosha kumpisha. Aliyenunua kina na kusahau umbo amenunua sehemu ndogo akaiacha kubwa.

Swali la kama fremu yenyewe itastahimili kishindo lina jibu lake, nalo halisomwi kwenye kina cha shokapu. Viwango vya ASTM vya Marekani, namba F2043, hugawa baiskeli katika madaraja ya matumizi, na mengi ya maelezo yanayokuja na baiskeli hutaja daraja hilo. Daraja la 3 ni la njia mbovu zenye vishuko visivyozidi sentimita 61. Daraja la 4 linaruhusu hadi sentimita 122. Daraja la 5 ni la miruko mikubwa na mashindano ya mteremko. Friraidi nyepesi iko katika daraja la 4, na fremu ya daraja la 3 haifai kwa kazi hiyo hata kama imefungwa uma mrefu. Huu uma mrefu nao ni mtego wa kawaida. Kila milimita 20 zinazoongezwa mbele hulaza usukani kwa karibu digrii moja, lakini hulaza bomba la kiti kwa kiasi hichohicho, huinua ekseli ya pedali, na huongeza mzigo kwenye maungio ya bomba la usukani ambayo hayakupimwa kwa wenzo huo. Mtu hupata kidogo kwenye kushuka na kupoteza kwenye kupanda, na dhamana ya kiwanda mara nyingi inakufa hapo.

Uzito ni hoja ya pili ya wauzaji. Fremu ya kaboni ya aina hii huwa nyepesi kuliko ya alumini kwa gramu mia kadhaa. Tuseme gramu 600. Mwendeshaji, baiskeli, maji na vifaa vyake ni karibu kilo 90, hivyo tofauti hiyo haifiki asilimia 1, na kwenye mpando mkali wa saa nzima itampunguzia chini ya nusu dakika. Kwa mshindani, nusu dakika ni medali. Kwa anayepanda ili ashuke, tairi nzuri na chupa moja ya maji iliyopungua vitamfanyia zaidi. Simaanishi kwamba kaboni ni dhaifu, kama wengine wanavyoaminishwa. Nyuzi zake hazichoki kwa mitikisiko kama alumini, ambayo haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake itadumu milele. Kaboni iliyojengwa vizuri ni imara sana, na ikipasuka mafundi waliobobea huweza kuitengeneza ikarudi kazini. Tatizo ni kwamba jiwe linaloigonga linaweza kuacha alama ndogo juu na kutenganisha tabaka za ndani zisizoonekana, na ukaguzi wake unahitaji ujuzi ambao katika miji yetu mingi haupo jirani. Alumini hubonyea, hupasuka rangi, huonyesha jeraha lake kwa mtu mwenye macho na tochi.

Hapa ni lazima kusema wazi jambo ambalo wapenzi wa alumini hulifumbia macho. Alumini iliyopasuka haitengenezwi kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani. Nguvu ya fremu hizo inatokana na kutiwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani baada ya kuunganishwa. Moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo palepale penye mzigo mkubwa. Chuma cha kromoli ndicho kinachokubali mkono wa fundi mwerevu, nacho ni kizito. Kwa hiyo ninaposema nachagua alumini kwa friraidi nyepesi katika mazingira yetu, simwahidi mtu kwamba ataitengeneza ikivunjika. Namwambia kwamba ataona mapema inapoanza kuvunjika, na kwamba fedha aliyobakiza kwa kutonunua kaboni itampatia shokapu bora na breki zenye nguvu juu ya umbo lilelile. Kampuni nyingi huuza modeli moja kwa malighafi zote mbili, zenye pembe na urefu sawa au karibu sawa. Katika hali hiyo umbo limeshashinda mjadala, na kaboni inabaki kuwa anasa ya halali kwa mwenye nacho.

Umbo haliishii kwenye pembe zinazoonekana. Mahali viungo vya nyuma vilipowekwa huamua shokapu itafanyaje kazi, na hii ndiyo sehemu ya fremu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Gurudumu la nyuma likipanda sentimita 16 huku shokapu ikizama sentimita 6 na nusu, uwiano wa wenzo ni karibu 2.5. Ukiwa juu sana, mtu mzito hulazimika kujaza hewa nyingi mno na shokapu hufanya kazi kwa taabu. Lenye maana zaidi ni jinsi uwiano huo unavyobadilika njiani. Fremu nzuri kwa kazi hii huanza na uwiano mkubwa, ili gurudumu liitikie vijiwe vidogo, kisha uwiano hushuka kadiri shokapu inavyozama, ili mwisho wa mwendo uwe mgumu na kishindo kisigonge chuma kwa chuma. Ukianza na 3.0 na kuishia 2.4, umeshuka kwa asilimia 20, na kwa anayerukaruka kidogo ningetafuta hapo au zaidi. Fremu isiyo na mteremko huo wa uwiano itakuwa laini mwanzo na laini mwisho. Mwenyewe atajaza hewa zaidi ili isigonge, na hapo atapoteza ule ulaini aliolipia. Anayetaka shokapu ya springi ya chuma badala ya hewa alizingatie zaidi, kwani springi haina ule ugumu wa mwishoni ambao hewa hujipatia yenyewe. Aangalie pia kama fremu inasukuma shokapu kupitia mkono mrefu wenye uma, maana baadhi ya mpangilio huo hulemea upande wa fimbo ya shokapu hadi ikakatika, na watengenezaji wengine huikataza kabisa springi kwenye fremu hizo.

Majina ya mifumo ya viungo huuzwa kwa kelele kubwa, na hapa nitapita haraka. Kiungo cha Horst Leitner, ambacho hataza yake ilinunuliwa na Specialized mwaka 1998, mifumo ya viungo vifupi viwili inayotumiwa na Santa Cruz na wengine, na hata kiungo kimoja kilicho rahisi kuliko vyote, kila kimoja kimeshatoa baiskeli nzuri na mbaya. Jina la mfumo halisemi kitu mpaka ujue uwiano wake na mahali kiungo kikuu kilipo. Kwetu ningeongeza swali ambalo majarida ya Ulaya hayaliulizi kwa nguvu: beringi zake ni za saizi gani? Saizi ya kawaida kama 6902 hupatikana kwenye maduka ya beringi za mashine, Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga, bila kumhusisha muuza baiskeli yeyote. Beringi ya saizi ya peke yake itaagizwa ng'ambo, na baiskeli itasimama wiki nzima kwa kipande cha ukubwa wa sarafu. Kwa sababu hiyohiyo ni vema ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu kuliko ya kushindiliwa, na kishikio cha gia ya nyuma kiwe kile cha pamoja ambacho SRAM ilikitoa mwaka 2019 na makampuni mengi yakakikubali. Kishikio hicho hupinda kwenye mwamba wa kwanza, na kabla ya mwaka huo karibu kila modeli ilikuwa na chake.

Kwamba fremu iumbwe kufuata kazi na mahali ni jambo ambalo mmoja wa waasisi wa mchezo huu alilithibitisha katika ukanda wetu. Tom Ritchey, aliyeunda fremu zilizouzwa na Gary Fisher na Charlie Kelly mwaka 1979, alifika Rwanda mwaka 2005. Hakuwapelekea wakulima baiskeli ya mashindano ya California. Alibuni fremu ndefu upande wa nyuma, ya kubebea buni kutoka shambani hadi kituo cha kuoshea, kwa sababu buni mbivu huanza kuharibika ndani ya saa chache baada ya kuchumwa na kichwa cha mkulima hakibebi vya kutosha. Mtu aliyejenga jina lake kwa fremu nyepesi aliuweka wepesi pembeni kazi ilipodai urefu.

Wapo wanaosema mjadala huu wote ni wa wenye fedha, na kwamba fremu ngumu isiyo na shokapu nyuma inatosha milima yetu. Nakubaliana nao zaidi ya wanavyotarajia. Mwenye bajeti ndogo akikuta fremu ngumu ya chuma au alumini yenye usukani wa digrii 65, bomba la kiti lililosimama na urefu unaomfaa, aichukue na aiache fremu ya shokapu mbili ya mwaka 2009 yenye usukani wa digrii 68, hata kama muuzaji anaiita bora zaidi. Atapigwa miguu kwenye mawe, atashuka polepole kidogo, beringi hatazinunua, na hatapinduka. Wanaosema umbo la sasa ni mtindo utakaopita nao wana sehemu ya ukweli: mbio za kurefusha zimevuka mpaka mara kadhaa, na watu wafupi ndio walioumia. Mwanamke au mwanamume wa sentimita 160 hahitaji urefu wa mbele wa milimita 470 kwa sababu tu bingwa fulani anautumia. Kwake, 420 hadi 440 zinaweza kuwa nyingi, na bomba fupi la kiti linaloruhusu nguzo ya kiti izame yote lina thamani kuliko digrii moja ya usukani. Lakini angalia: hata malalamiko hayo ni kuhusu umbo.

Soko letu la mtumba ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Fremu nyingi zinazoshushwa kutoka Ulaya ni za miaka kati ya 2006 na 2014, za magurudumu ya inchi 26. Tairi za inchi 26 zipo kila kona, ila zile za kushika mwamba zinazidi kuadimika. Muuzaji huandika kwenye kikaratasi idadi ya gia na jina la shokapu. Pembe na urefu haviandiki, na mnunuzi haviulizi. Beringi za usukani zilizotobolewa kwa mshazari zinaweza kuulaza usukani kwa digrii moja au mbili. Urefu wa mbele hauna dawa. Fremu ya mtumba ioshwe kabla ya kulipiwa, ikaguliwe kwa tochi chini ya bomba la usukani, kwenye maungio ya bomba la kiti na kuzunguka kila kiungo cha nyuma, na shokapu ifunguliwe upande mmoja ili mkono wa nyuma utikiswe na beringi zilizokufa zijulikane. Jina la modeli na mwaka wake vinatosha kupata jedwali kwenye intaneti. Vikiwa havijulikani, baiskeli isimamishwe kwenye sakafu tambarare, mtu mmoja aishike wima, mwingine aweke simu yenye programu ya kupimia pembe kwenye mguu wa uma, kisha kwenye bomba la kiti, na amalizie kwa futi kamba kutoka usawa wa ekseli ya pedali hadi usawa wa bomba la usukani.